Utoto katika Mitaa ya Wafanyakazi wa Arusha

Asiyeujua mji wa Arusha huudhani kuwa ni makao ya watalii na makongamano peke yake; lakini kusini mwa mji, penye mtaa uliopata jina kwa kampuni ya kusaga nafaka, Unga Limited, na magharibi, penye Ngarenaro, wamelelewa watoto wengi ambao baba zao waliamka alfajiri kwenda viwandani, hususan baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zama ambazo Kiltex ilifuma vitambaa na General Tyre ilitengeneza matairi.

Aila nzima ilikaa aghalabu katika chumba kimoja au viwili vya kupanga, ua ukiwa wa shirika, hata mtoto akikosa alikanywa na mama yeyote aliye karibu, naye hakuthubutu kunung'unika. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru, wenye urefu upatao mita 4,560, ilipoteremka na ukungu wake, watoto walilizunguka jiko la mkaa wakingoja uji. Jua likichomoza, walicheza chandimu kwa mpira wa matambara, au wakakimbiza tairi chakavu kwa kijiti. Hapo Mwarusha, Mmeru, Mchaga na Mrangi walizoeana kwa Kiswahili kabla ya kuingia darasa la kwanza.

Ufukara haukuwa fahari, wala tusiupambe. Lakini ujirani ule ulikuwa hazina. Viwanda vile viwili vimekwisha kufungwa, na waliovitumikia wanazeeka. Basi, ewe msomaji uliyekulia huko, wasimulie wanao ungali na siha.