Kanisa la Namirembe kwa Penseli

Likizo iliyopita nilikaa siku tatu juu ya kilima cha Namirembe, hapa Kampala, nikachora kwa penseli Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Wenzangu walioiona picha wameniuliza maana ya vitu fulani, nami nimeona vema niwajibu katika kurasa hizi.

Kwanza, umbo lenyewe. Kanisa hili lina mabawa mawili, hata mtu akilitazama kutoka juu huona msalaba. Basi kila aingiaye huingia ndani ya msalaba, ajue asijue. Pale mabawa yanapokutana limeinuka kuba. Tangu kale kuba ni mfano wa mbingu zikiifunika dunia, na juu ya kilele chake umesimama msalaba, kuonyesha Mwenye enzi ya vyote viwili.

Pili, matofali. Nilitaka kuyaacha, maana kuyachora moja moja huchosha mkono. Lakini nilikumbuka habari za kanisa lililotangulia, lililowekwa wakfu mwaka 1904. Machifu na watu wa kawaida walibeba udongo wake pamoja. Mwaka 1910 radi ililipiga, paa lake la nyasi likashika moto, likateketea. Watu hawakukata tamaa. Hili la sasa likakamilika mwaka 1919. Tofali ni mfano wa mwamini: peke yake ni udongo uliochomwa, pamoja na wenzake ni nyumba.

Tatu, ngoma. Mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu alisema, "Kijana, umechora nyumba, hujachora kanisa. Ngoma ziko wapi?" Niliona haya. Kwa Waganda ngoma ni sauti ya mamlaka, nazo za Namirembe zimewaita watu ibadani kizazi baada ya kizazi. Kuba lilibuniwa na Mwingereza, Beresford Pite, lakini ngoma ni yetu, na wito ni mmoja. Nikafuta kichaka cha pembeni, nikachora ngoma mahali pake.

Mwisho, mwanga sikuuchora. Penseli huandika kivuli tu; mwanga ni karatasi iliyoachwa nyeupe. Jina la kilima latokana na neno la Kiganda mirembe, yaani amani, nayo vilevile haichorwi, huachiwa nafasi. Nanyi wanafunzi wa zamani mpitao Kampala, pandeni mkajionee wenyewe.