Posho ya Mwanafunzi wa Mafunzo kwa Vitendo: Nani Alipe, na Kiasi Gani?

Vituo vya kutolea huduma za afya katika uwanda wa juu wa Makonde na pembezoni mwake, kuanzia Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi na Hospitali ya Ndanda hadi Hospitali ya Wilaya ya Newala na Kituo cha Afya Kitangari, ni mahali ambapo wanafunzi wa uuguzi, utabibu, maabara na famasi hujifunza kazi pale inapofanyika. Mgonjwa huwaona wamevaa makoti meupe wakipima shinikizo la damu, wakijaza kadi, wakimsaidia mkunga usiku wa manane. Asichokiona ni kwamba mwanafunzi wa aina hiyo kwa kawaida halipwi kitu na kituo anachokitumikia, na kwamba mara nyingine chuo chake kimemtoza ada ya mafunzo hayo ili apate nafasi ya kuyafanya. Je, ni haki? Na kama si haki, alipwe nani, kiasi gani, na kutoka mfuko upi?

Mjadala huu huvurugika mapema kwa sababu watu watatu tofauti huitwa kwa jina moja. Wa kwanza ni mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni na ametumwa kwa wiki kadhaa kama sehemu ya mtaala wake. Wa pili ni mtarajali, yaani daktari aliyekwisha kuhitimu shahada, ambaye hawezi kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi. Wa tatu ni mhitimu wa fani yoyote anayepelekwa kwa mwajiri ili apate uzoefu unaodaiwa katika kila tangazo la kazi. Hoja inayomfaa mmoja huenda isimfae mwingine.

Kwa mtarajali, swali la kulipwa au kutolipwa limekwisha kujibiwa, ingawa jibu lenyewe lilipatikana kwa gharama. Mwezi Januari 2012, madaktari watarajali wa Hospitali ya Taifa Muhimbili walidai posho zilizocheleweshwa, nao wakahamishiwa hospitali nyingine. Uhamisho huo ulizua mgomo ulioenea nchini, na Februari mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda mwenyewe Muhimbili kuzungumza na madaktari. Ikumbukwe kwamba cheche ya kwanza haikuwa mshahara wa bingwa wala marupurupu ya mkurugenzi. Ilikuwa posho ya kijana aliyekuwa bado anajifunza.

Kenya imepitia njia hiyo hiyo kwa takwimu zilizo wazi zaidi. Mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 baina ya serikali na chama cha madaktari uliweka malipo ya mtarajali kuwa shilingi za Kenya 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikapendekeza 70,000, yaani takriban theluthi moja ya kiwango hicho. Madaktari waligoma tangu tarehe 14 Machi hadi 8 Mei mwaka huo, wakarudi kazini suala la watarajali likiwa halijamalizika, na makubaliano ya kurejea kiwango cha 2017 yakatiwa saini mwishoni mwa Desemba. Katika muda wote huo wagonjwa ndio waliosubiri.

Anayebaki bila jibu ni yule wa kwanza, mwanafunzi. Aliye katika shahada na aliyepata mkopo ana angalau kitu cha kushika: mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu umekuwa ukiweka shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56 kwa mwaka, yaani shilingi 560,000. Lakini fedha hizo si malipo. Ni deni ambalo atalirudisha akianza kazi. Kwa maneno mengine, mwanafunzi hukopa ili akatoe huduma. Mwenzake wa stashahada hakuwa na hata deni hilo hadi mwaka wa masomo 2023/24, mikopo ilipoanza kutolewa kwa baadhi ya fani za ngazi hiyo, zikiwamo za afya. Na wa stashahada ndio uti wa mgongo wa zahanati na vituo vya afya vijijini.

Gharama za Kitangari hazifanani na za Dar es Salaam, lakini zipo. Mwanafunzi anayetoka mbali husafiri kwa barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, ambayo imetengenezwa kwa lami kipande baada ya kipande. Akifika hutafuta chumba, hununua godoro au hulazwa na mwenyeji, hununua mkaa na chakula. Tena kuna maji. Uwanda wa Makonde unajulikana tangu zamani kwa shida ya maji, kwa kuwa ardhi yake ya mchanga huyapitisha hadi chini sana. Mradi wa Maji Makonde huyasukuma kutoka chanzo cha Mitema, jirani na Kitangari, hadi vijiji vya juu. Pale bomba linapokauka, ndoo hununuliwa. Mwenye mshahara huona ni kero ndogo. Mwanafunzi asiye na kipato huona ni chaguo kati ya kufua sare na kupika.

Mataifa mengine yamejaribu kulijibu swali hili kwa kuuliza nani anafaidika. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa huko New York, ikiamua kesi ya vijana waliofanya kazi bila malipo katika utengenezaji wa filamu, ilisema kipimo ni kutazama mnufaika mkuu ni nani. Akiwa ni mwanafunzi, si mwajiriwa. Akiwa ni kampuni, kampuni na ilipe. Uingereza imechukua njia fupi: mafunzo ya kazini yanayolazimishwa na kozi, yasiyozidi mwaka mmoja, hayaingii katika sheria ya kima cha chini cha mshahara. Ufaransa haikusubiri kesi. Mafunzo yakizidi miezi miwili malipo ni lazima, na mwaka 2024 kiwango cha chini kilikuwa yuro 4.35 kwa saa, kiasi kilicho chini sana ya mshahara lakini kilichoandikwa katika sheria.

Kipimo cha mnufaika kina busara, ila katika kituo cha afya hakifanyi kazi kirahisi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza ni mzigo: muuguzi aliyemsimamia angemaliza kufunga kidonda kwa dakika kumi peke yake, naye sasa anatumia ishirini. Wiki ya sita mambo hugeuka. Mwanafunzi sasa anapokea wajawazito, anawapima, anaandika, na muuguzi anapata nafasi ya kuhudumia dharura. Mtu yule yule, katika kituo kile kile, amekuwa mnufaika mwanzoni na msaada mwishoni.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa zaidi kwa mazingira ya wilaya kimo katika ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Je, jina la mwanafunzi limeandikwa kama nyongeza juu ya idadi inayotakiwa, au limewekwa kuziba pengo la mtumishi asiyekuwapo? Kama zamu ya usiku haiwezi kwenda bila yeye, huyo si mwanafunzi tena usiku huo, na kutomlipa ni kujaza nafasi ya ajira kwa bei ya bure. Jambo hilo lina hatari kwa mgonjwa vilevile, kwa kuwa anayeziba pengo huwa hana msimamizi. Angekuwa naye, pengo lisingekuwapo.

Kuhusu kiasi, kuna vigezo viwili vya kulinganishia. Wahitimu waliowekwa kwa waajiri chini ya mpango wa serikali wa kukuza ujuzi wamekuwa wakipewa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi, ambayo ni 5,000 kwa siku. Upande wa pili, kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mwanafunzi anayejifunza kweli, akiwa juu ya idadi ya zamu, hastahili mshahara, lakini hastahili pia kugharimia kazi ya umma kutoka mfuko wa mzazi wake. Kiwango cha 10,000 kwa siku kinatosha kuwa msingi wake pale asipopewa chumba wala chakula. Kituo kikimpa chumba katika nyumba za watumishi na mlo wa mchana, nusu yake ni haki. Anayeziba pengo la zamu anahesabiwa kwa kipimo kingine, cha mshahara wa nafasi aliyoiziba kwa saa alizozifanya.

Wasimamizi wa vituo hujibu kwamba fedha hazipo, na jibu hilo halipaswi kudharauliwa. Hata hivyo, tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo hupokea sehemu ya fedha zao moja kwa moja katika akaunti zao, na halmashauri hukusanya ushuru wa mazao ya biashara kwa asilimia 3. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kuwa kilo ya korosho imeuzwa shilingi 3,000, ushuru wake ni shilingi 90. Wanafunzi kumi kwa siku 56, kwa kiwango cha 10,000, hugharimu shilingi 5,600,000, sawa na ushuru wa takriban tani 62. Kwa kiwango cha nusu ni tani 31. Kwa wilaya iishiyo kwa korosho hicho si kiasi cha kuangusha bajeti, ilimradi kiombwe wakati bajeti inaandaliwa na si siku wanafunzi wanapoteremka kwenye gari.

Ipo hofu nyingine yenye uzito zaidi: kwamba malipo yakiwa ya lazima, vituo vidogo vitakataa wanafunzi, nao watasongamana katika hospitali kubwa na kuhitimu bila kuijua zahanati. Ndiyo sababu mzigo wa msingi ubebwe na halmashauri na vyuo vinavyokusanya ada, wala usiachiwe kituo kimoja kimoja.

Kuna deni jingine lisilolipwa kwa fedha. Sindano iliyomchoma mwanafunzi haiulizi kama ana mkataba wa ajira. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa kwa siku 28. Mwanafunzi anapaswa kuoneshwa siku ya kwanza zilipo na nani wa kumwamsha usiku. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu ambazo kwa kawaida huchukua miezi sita, kwa hiyo haiwezi kutafutwa baada ya kufika Kitangari. Ni wajibu wa chuo kuianza mapema, na kituo kina haki ya kudai kadi yake kabla ya kumpokea mtu.

Mgonjwa naye ana haki ya kujua anayemhudumia ni mwanafunzi, kumwuliza msimamizi wake ni nani, na kuomba msimamizi huyo awepo. Hapaswi kuombwa chochote mkononi na mwanafunzi, hata kwa jina la nauli au soda. Akiombwa, amweleze mganga mfawidhi, naye mfawidhi kabla ya kumwadhibu kijana huyo aulize kwanza alikula nini jana.