Kifua Kikuu Hakikai Kifuani Pekee

Kazi yangu ni kuyachunguza maneno, si kuwatibu watu. Hata hivyo, naomba ruhusa ya msomaji niseme machache juu ya maradhi, kwani ni neno lililonifikisha huko. Sisi Waswahili husema fulani "ana kifua". Muundo huo wa "ana" ni wa kumiliki: tumemkabidhi mgonjwa maradhi kama mtu akabidhiwavyo shamba, yakawa mali yake peke yake. Tukishasema hivyo, twawa wepesi kuongeza kwamba ameyatafuta mwenyewe kwa sigara au ulevi, ama amerogwa.

Lau maradhi haya yangekuwa ya kifua tu, yangeenea sawasawa kila penye vifua. Sivyo yaendavyo. Tangu Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekigundua kijidudu chake, twajua kuwa mgonjwa akikohoa hukitoa hewani. Jua hukiua na upepo hukitawanya. Kinachokifaa ni chumba kidogo, chenye watu wengi, kisicho na dirisha la maana.

Vyumba hivyo tunavyo Likoni, Kisauni na Changamwe. Nyumba ya kupangisha ina ukumbi wa giza katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na kila chumba kina jamaa nzima. Dirisha dogo hufungwa usiku kwa hofu ya mbu na wezi. Wala tusiharakishe kumlaumu mwenye nyumba. Ng'ambo hii ya kisiwa kuna wengi wenye nyumba wasio na ardhi: kuta ni zao, kiwanja ni cha mwingine. Nani atatia madirisha makubwa katika nyumba ambayo kesho huenda ikabomolewa?

Nilikuwa na jirani Kisauni, kibarua wa kupakua mizigo. Vibarua huchaguliwa langoni alfajiri, na dawa hutolewa asubuhi hiyo hiyo. Nilipomhimiza asikose zahanati, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, nikenda kutwaa dawa, watoto watakula nini?" Mwezi wa pili kikohozi kilipopoa, akaacha. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amelala tena, na safari hii mwanawe naye akikohoa. Sikuwa na la kumwambia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tiba hiyo ya miezi sita ina asili yake kwetu. Kabla ya hapo mgonjwa alitibiwa mwaka na nusu au zaidi. Ni majaribio yaliyofanywa na madaktari wa Afrika Mashariki na wenzao wa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaliyoonyesha kwamba miezi sita yaweza kutosha. Tuliufundisha ulimwengu kufupisha tiba, nasi twashindwa kumwezesha kibarua wetu kuimaliza.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta watu 558 wenye maradhi haya katika kila watu wazima 100,000, na ukakadiria kwamba takribani wagonjwa wanne katika kila kumi hawagunduliwi. Dawa zenyewe hutolewa bure katika hospitali za serikali. Lakini uchunguzi mwingine, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya jamaa za wagonjwa hupoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yao ya mwaka, kwa nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea. Bure hiyo basi ina bei yake.

Serikali ya kaunti, ambayo ndiyo yenye dhamana ya zahanati, yaweza kuzifungua jioni, saa ambazo kibarua amekwisha kulipwa. Waajiri waweza kumhifadhia mgonjwa nafasi yake. Na suala la ardhi, ambalo wanasiasa hulikumbuka kila wakati wa kura, lihesabiwe pia kuwa suala la afya.

Wahenga walituusia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Kwa maradhi haya wasia wageuka: ukuta tumekwisha kuujenga, na lililobaki ni kuutoboa, jua lipate kuingia.