Barua ya Mwaliko Si Viza

Swali ni lile lile, liwe limetoka Kaplong, Kapkatet au Sotik mjini: barua ya mwaliko wa Papa ni pesa ngapi? Nimelijibu kwa simu, nimelijibu nje ya kanisa baada ya misa ya pili, na sasa linakuja na nyongeza: mzazi anataka kujua kama auze ng'ombe mara moja au asubiri bonasi ya chai ya Oktoba. Mama, ng'ombe akae zizini. Barua hiyo haiuzwi, na hata ukiipata haifanyi kazi unayoambiwa itafanya.

Mkutano unaozungumziwa ni Siku ya Vijana Duniani, Seoul, tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Papa Leo XIV alizitaja tarehe hizo Agosti 2025 huko Tor Vergata, Roma, mbele ya vijana waliohudhuria Jubilei yao. Mabroka nao wana masikio. Wanachouza huku kwetu ni imani moja tu: kijana akishika barua, viza ni yake, na akishatua Korea, kazi zinamngoja.

Barua kwanza. Papa hamwandikii mtu mmoja mmoja. Kamati ya maandalizi ya mji mwenyeji ndiyo hutoa mwaliko, na huwapa mahujaji waliojiandikisha. Mwaliko huo unasema jambo moja: huyu tunamtarajia mkutanoni. Basi. Ubalozi hauko chini ya kamati, wala chini ya askofu, wala chini ya Vatikani. Afisa akishaisoma barua amejua unaendea nini. Swali linalomkosesha usingizi ni jingine: una nini cha kukurudisha nyumbani?

Korea ina viza yake, lakini mfano uko karibu: waliojaribu kwenda kwenye mkutano kama huo Lisbon mwaka 2023 wanaijua fomu ya kunyimwa viza ya Schengen, ile ya Ulaya. Ina orodha ya sababu, kila moja na kisanduku chake, na afisa hutia alama panapohusika. Kuna kisanduku cha safari isiyoeleweka sababu yake. Kuna kingine, mbali na hicho, cha kusema kwamba haiaminiki kuwa utaondoka kabla viza haijaisha. Nimeshika fomu za vijana ambao barua zao hazikuwa na doa, na alama iko kwenye kisanduku hicho cha pili. Ada ya viza wakati huo ilikuwa yuro 80. Tangu Juni 2024 ni 90. Ukinyimwa hairudishwi, hata ulie.

Tusijifanye hatujui hofu hiyo ya kwamba hutarudi inatoka wapi. Mwaka huo wa 2023, kabla mkutano wa Lisbon haujaanza, Ureno ilitangaza kwamba mahujaji kadhaa kutoka Angola na Cabo Verde hawakuonekana kwenye vikundi vyao. Maafisa wa viza husoma habari kama sisi.

Sasa mchukue kijana wa hapa. Ana miaka 22, amemaliza kidato cha nne, anachuma majani kwenye shamba la baba. Nambari ya mkulima ni ya baba. Malipo ya kila mwezi na bonasi huingia kwenye akaunti ya baba. Cha kwake hupita M-Pesa, kikiingia asubuhi na kutoka jioni. Kijana ni mchapakazi, lakini kwenye karatasi hayupo. Hapo ndipo broka anapokuja na dawa yake, kupamba akaunti: anaweka pesa ya kukopa wiki mbili kabla ya maombi, anachapisha taarifa ya benki, kisha anaitoa na riba yake. Jamani! Afisa anaona miezi mitano ya salio la shilingi mia nane, halafu siku moja laki tatu. Hahitaji kuwa mhasibu kuelewa. Na kwa Schengen, maombi yako hukaa kwenye mfumo wao wa pamoja kwa miaka 5, kwa hiyo ujanja wa leo utakutangulia ubalozini kesho.

Kuhusu kazi: viza ya hujaji hairuhusu kuajiriwa. Korea huajiri wafanyakazi wa viwandani kwa mikataba ya serikali kwa serikali na nchi za Asia. Hakuna mlango wa nyuma unaopitia sakristia. Wazazi wa Uasin Gishu waliolipa ili watoto wakasome Finland na Kanada waliishia kuandamana Eldoret mwaka 2023 mpango ulipokwama. Hiyo ni jirani tu, na bado tunaulizana bei ya barua.

"Lakini Kanisa lina msaada." Mikutano hii huwa na mfuko wa mshikamano, mahujaji wa nchi zenye uwezo wakiwachangia wenzao. Pesa hiyo hupitia kwa maaskofu. Haitumwi kwa mtu mwenye mkoba kwenye stendi ya Kaplong.

Haya, kwa anayetaka kwenda kweli: nenda kwa padre wako, naye akuelekeze kwa ofisi ya vijana ya Jimbo la Kericho, maana safari ya kikundi kinachojulikana ina uzito kuliko ya mtu peke yake. Omba pasipoti sasa. Fungua akaunti ya benki au sacco kwa jina lako na uweke hata mia mbili kila wiki, usiguse. Baba akikugharamia, aandike barua yake na aambatanishe malipo yake ya kiwanda. Mwanafunzi apate barua ya chuo, mwenye kibarua apate ya mwajiri. Harambee ya akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, ni halali. Tunza orodha ya wachangaji.

Asiyeweza, na wengi hawataweza, akumbuke kwamba Siku ya Vijana ya kwanza kabisa, mwaka 1986, iliadhimishwa majimboni, Jumapili ya Matawi. Tangu 2021 majimbo huiadhimisha sikukuu ya Kristo Mfalme, Novemba, na nauli yake ni ya matatu. Mwaka 2008 ndugu wa jumuiya ya Taizé walileta mkutano wao wa vijana Nairobi, na 2015 Papa Fransisko alikutana na vijana Kasarani. Hakuna aliyetoka Sotik aliyeulizwa viza.

Na kama tayari umempa broka pesa, usinipigie kuuliza kama barua yake ni halisi. Chukua ujumbe wa M-Pesa, nenda kituo cha polisi leo.