Ngome ya theluji iliyojengwa kwa kinanda cha umeme

MTU akiambiwa kuna kanda nzima ya muziki isiyo na mwimbaji wala gitaa, ambayo mwanamuziki mmoja aliipiga peke yake kwa kinanda cha umeme, huenda akadhani ni mazoezi ya mwanafunzi. Hata hivyo, kanda iitwayo Die Festung, iliyotolewa mwaka wa 1998, imedumu kwa zaidi ya robo karne. Wapenzi wa muziki wa aina hiyo hadi leo huirejelea wanapotafuta mfano wa jinsi sauti zinavyoweza kumpeleka msikilizaji katika nchi ya theluji.

Aliyeitunga ni mwanamuziki wa Uswisi ajulikanaye kwa jina la kisanii la Wintherr. Kazi zake huzitoa kwa jina la Paysage d'Hiver, maneno ya Kifaransa yenye maana ya mandhari ya majira ya baridi. Die Festung nayo ni Kijerumani, na maana yake ni ngome. Majina hayo mawili yanatosha kumdokezea msikilizaji mambo mawili atakayokutana nayo: baridi kali na kuta za mawe.

Kazi hiyo huwekwa katika kundi la muziki uitwao dungeon synth, ambao kwa Kiswahili unaweza kuelezwa kuwa muziki wa shimoni. Shimo linalokusudiwa ni lile gereza la chini kwa chini lililokuwa katika ngome za kale za Ulaya. Muziki wenyewe hutegemea sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme chenye uwezo wa kuiga sauti za ala nyingine kama vile filimbi, tarumbeta, fidla na hata kwaya. Die Festung ilipotoka, jina hilo la kundi lilikuwa halijaenea. Lilishika mizizi baada ya mwaka wa 2011, wapenzi wa muziki huo walipoanza kuzikusanya kanda za miaka ya tisini na kuziona kuwa za ukoo mmoja.

Ukoo huo una chimbuko lenye giza. Mtindo ulizaliwa pembezoni mwa black metal, muziki wa gitaa zenye kelele na sauti za kupiga mayowe uliovuma nchini Norway mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwanamuziki ajiitaye Mortiis, aliyekuwa mpigaji gitaa la besi wa kundi la Emperor, aliliacha kundi hilo na kuanza kutunga muziki mrefu na wa polepole wa kinanda. Mwaka wa 1994 alitoa Født til å herske, kazi ambayo wengi huihesabu miongoni mwa nguzo za mtindo huu.

Mwingine aliyeacha alama ni Varg Vikernes wa Burzum. Mwaka huo huo wa 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa kumuua mwanamuziki mwenzake, Øystein Aarseth, na kwa kuchoma makanisa. Akiwa bado kifungoni, alitoa kazi mbili za kinanda, mwaka wa 1997 na mwaka wa 1999. Aliachiliwa mwaka wa 2009.

Historia hiyo haifai kufunikwa kwa sababu tu muziki wenyewe ni mtulivu. Msikilizaji ana haki ya kujua anachokisikiliza kimetoka wapi na mtunzi wake ni nani. Wakati uo huo, si haki kumbebesha kila mpiga kinanda dhambi za wengine. Wintherr hakuhusika na uhalifu uliotendeka Norway. Alichokirithi kutoka huko ni sauti, kisha akaitumia kusimulia hadithi yake mwenyewe.

Hadithi yenyewe inamhusu mtembezi anayesafiri katika ulimwengu ambamo majira ya baridi hayaishi. Kila kanda ya Paysage d'Hiver ni sura moja ya safari hiyo, ingawa sura hazikutolewa kwa mfuatano. Hapa ndipo muziki huu unapokutana na fasihi ya fantasia, ile inayobuni nchi zenye ramani, wafalme na viumbe wake. Mwingereza J.R.R. Tolkien, ambaye riwaya yake The Lord of the Rings ilichapishwa katika miaka ya 1954 na 1955, ndiye aliyewaathiri zaidi wanamuziki wa kundi hili. Jina Burzum limetoka katika lugha aliyoibuni mwandishi huyo, na kundi la Summoning la Austria limejenga karibu kazi zake zote juu ya ulimwengu wake. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka wa 1974, nao uliwazoesha vijana wengi kuwaza mashimo, mazimwi na hazina zilizofichwa.

Lakini fantasia ya kitabu ina maneno. Die Festung haina msimulizi wa kumwambia msikilizaji kwamba sasa mtembezi amefika langoni. Je, baridi inasikika vipi?

Kwanza kuna mwendo. Muziki huu hauna haraka, na kifungu kimoja cha sauti hurudiwa mara nyingi kikibadilika kidogo kidogo, kama hatua za mtu anayekwenda katika theluji inayomfika magotini. Pili, sauti nzito huvutwa chini kwa muda mrefu huku sauti nyembamba zikipita juu yake, na katikati hubaki nafasi tupu. Utupu huo ndio unaomfanya msikilizaji ahisi upana wa mahali pasipo watu. Tatu kuna mwangwi, unaoipa kila sauti mkia mrefu, kana kwamba imegonga ukuta wa mbali na kurudi.

Jambo la kushangaza ni kwamba theluji halisi haina mwangwi. Theluji mpya imejaa vijitundu vya hewa vinavyomeza sauti, na ndiyo maana nchi huwa kimya sana baada ya theluji kuanguka. Kwa hivyo mwangwi unaosikika katika muziki wa aina hii ni wa ngome, wala si wa uwanda ulio nje yake. Theluji yenyewe msikilizaji huipata kwingine: katika mvumo hafifu wa kanda, ule ambao mafundi wa studio hujitahidi kuuondoa. Katika kazi nyingine mvumo huo ungekuwa kasoro. Hapa unageuka kuwa dhoruba inayopiga madirishani.

Ndiposa uduni wa vifaa hauhesabiwi kuwa ila katika mtindo huu. Tarumbeta ya kinanda haimdanganyi mtu yeyote kuwa ni tarumbeta ya shaba. Inaonyesha tu mahali ambapo tarumbeta ingekuwa, na kumwachia msikilizaji kazi ya kuijaza. Okestra kamili ingemletea ngome iliyokwisha kujengwa, lakini kinanda humpa mchoro wa mkaa, naye huinua kuta kwa mawazo yake.

Hilo halina maana kwamba kila kanda yenye mvumo ni kazi ya sanaa. Urahisi wa kutunga kwa kinanda kimoja umezaa waigaji wengi, na marudio yasiyokuwa na mpango huchosha upesi. Tofauti iko katika mabadiliko madogo: mtunzi hodari anajua ni lini aongeze sauti moja na ni lini aiondoe, ili anayesikiliza atambue kwamba amesogea.

Wintherr aliendelea na safari yake. Alitoa Kerker mwaka wa 1999, jina lenye maana ya gereza la shimoni, kisha Winterkälte mwaka wa 2001. Kazi hizo zote aliziita majaribio. Ni Im Wald ya mwaka wa 2020, yenye urefu wa saa mbili hivi, iliyotolewa kama albamu yake ya kwanza rasmi, na katika hiyo gitaa na mayowe ya black metal vilitawala. Hakupigiwa debe kubwa. Kanda zilipita mkono kwa mkono miongoni mwa waliozipenda. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Anayetaka kuijaribu Die Festung asiitafutie wimbo wa kuimba, maana hautapata. Aisikilize usiku, kwa sauti ya chini, tangu mwanzo hadi mwisho bila kuikatiza. Akifika nusu na kuona hakuna kilichotokea, asubiri kidogo, kwani mwendo wa mtembezi katika theluji ndivyo ulivyo.