Umehamia Uvira na mtoto mdogo: mtamtembeza wapi, na saa ngapi?

Familia nyingi zinafika Uvira na mizigo michache na mtoto anayeanza tu kutembea. Wengine wamefuata kazi, wengine wameshuka kutoka milimani, wengine wamekimbia vita. Wanapanga chumba kimoja au viwili. Uwanja wa nyumba ni mdogo, na nje ya mlango moto na magari yanapita mbio. Baada ya wiki moja mtoto analia bila sababu, mama amechoka, na swali linakuja: huyu mtoto tumtembeze wapi?

Jibu la haraka ni ziwa. Tanganyika ina urefu wa kilomita 673, inagawanywa na nchi 4, na mji wa Uvira umekaa pale kwenye kichwa chake cha kaskazini. Kuangalia maji hakulipishwi. Lakini wenyeji wanajua jambo ambalo mgeni hajui: ziwa ni lile lile, ila mahali na saa vinaligeuza. Hatua mia moja zinatosha kutenganisha pahali pazuri na pahali pa hatari.

Kwa hiyo safari ya kwanza ya mgeni ni ya kwenda kwa jirani.

– Jambo mama. Sisi ni wageni hapa. Mtoto anaweza kucheza huku chini?

– Jambo dada, karibuni. Huku kwenye matete hapana. Mpeleke pale wanapoanika ndagala, kuna watu. Lakini umshike mkono.

Maneno hayo machache yana maarifa mengi ndani yake.

Kwa nini si kwenye matete

Kwenye matete na midomo ya mito, viboko na mamba wanapata pa kujificha. Kiboko anatoka majini usiku kula majani, na kunapokucha anarudi. Ndiyo maana hapafai kwenda na mtoto ufukweni kabla jua halijatoka vizuri, wala kubaki huko giza linapoingia. Tena maji yaliyotulia yenye majani yanakaliwa na konokono wanaoeneza kichocho. Ugonjwa huo unaingia kupitia ngozi, hata mtoto akichezesha miguu tu majini.

Kwa nini pale penye ndagala

Wavuvi wanatoka usiku na taa, kwa sababu mwanga unavuta samaki. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazisaidii sana na mitumbwi mingi inapumzika. Basi mzazi anayetaka kumwonyesha mtoto mitumbwi ikirudi achague siku zile za usiku wa giza, na afike karibu saa moja asubuhi. Mtoto wa miaka miwili atafurahia nyavu, ndege, na mama wanaogeuza ndagala juani. Nusu saa inamtosha. Halafu jua linaanza kuchoma.

Kuna saa nyingine nzuri. Uvira iko kati ya maji upande wa mashariki na milima ya Mitumba upande wa magharibi. Jua linajificha nyuma ya milima mapema, na kivuli kinashuka juu ya mji wakati bado kuna mwanga wa kutosha. Kuanzia saa kumi jioni watu wengi wanatoka: vijana wanacheza mpira, watoto wanakimbizana. Bandari ya Kalundu nayo inapendeza kwa mtoto anayependa kuangalia boti kubwa, mradi mkae mbali na ukingo na na magari yanayopakia. Kipindi cha kiangazi upepo wa kusini unapiga ziwa kwa urefu wake wote, na mawimbi yanafika Uvira na nguvu. Siku hiyo angalieni kwa mbali.

Mbali na ziwa

Siku za mvua, usimpeleke mtoto kucheza kwenye mawe ya Mulongwe au Kalimabenge, hata kama mvua haijanyesha mjini. Inaponyesha milimani, maji yanashuka ghafula. Aprili 2020 mito hiyo ilifurika, ikaua watu wengi na kuacha maelfu bila nyumba. Ziwa nalo lilipanda miaka ile, na tena 2024, likameza nyumba na sehemu za ufuko. Linashuka polepole kwa sababu mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Basi ufuko ambao rafiki alikusifia zamani pengine leo uko chini ya maji. Uliza tena.

Siku kama hizo, uwanja wa kanisa, wa msikiti au wa shule unasaidia, mkiomba ruhusa. Hapo mtoto anapata wenzake, na mzazi anapata watu. Kwa mgeni hilo la pili si dogo: mama aliyekutana na mama wengine watatu anajua sasa nani amwite usiku mtoto akipata homa.

Cha kubeba

Uvira inajulikana kwa kipindupindu, na mtoto wa umri huo anatia kila kitu mdomoni. Beba maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klore, kipande cha sabuni, kofia, na kitenge cha kumbebea akichoka. Usimnyweshe maji ya ziwa, wala kumwoshea tunda humo. Akianza kuharisha maji maji, mpeleke kituo cha afya mara moja, usingoje kesho.

Na mkiwa ufukweni, mtoto asikae mbali kuliko mkono wako unavyofika. Simu ibaki mfukoni. Wimbi halipigi hodi.

Mkirudi nyumbani, piteni kwa yule jirani mumshukuru. Mwezi ujao kuna mgeni mwingine atakayeingia kwenye avenyu, na safari hiyo wewe ndiye utakayeulizwa.