Walaji wa Mafuta Topeni

Mtu ashukaye pwani ya Zinga maji yamekupwa, akaifuata njia ya wavuvi iendayo mikokoni, hana budi kukanyaga tope jeusi linalonuka kama yai viza. Na harufu hiyo, ichukizayo wengi, ndiyo ufunguo wa sura hii, kwa kuwa yatujulisha ya kwamba chini ya utando mwembamba wa juu hamna oksijeni, na pasipo oksijeni walaji wa mafuta hawafanyi kazi vyema.

Mafuta ghafi asili yake ni mabaki ya viumbe wa kale, basi si ajabu kwamba Mola amejaalia bakteria wa kuyala. Mmojawapo, aliyepewa jina la Alcanivorax borkumensis mwaka wa 1998, ni haba mno katika maji safi, walakini mafuta yakimwagika huzaana kwa kasi kubwa, akatoa namna ya sabuni iyatawanyayo mafuta kuwa vitone, kisha akavimeng'enya hata vikawa maji na kaboni dioksaidi. Sehemu nyepesi huliwa kwanza. Zilizo nzito kama lami hukaa, aghalabu miaka mingi.

Lakini mlaji huyu hashibi kwa mafuta matupu: ahitaji naitrojeni na fosforasi, ndiyo sababu meli Exxon Valdez ilipopasuka huko Alaska mwaka wa 1989, fukwe zilinyunyiziwa mbolea, na kazi ikaenda upesi. Fukwe zile zilikuwa za changarawe na mawe, hewa hupenya. Tope la mikoko halina fadhila hiyo. Mombasa, mwaka wa 1988, takriban tani 5,000 za mafuta zilimwagika katika hori ya Makupa, na mikoko ikafa. Maana mafuta huziba vitundu vya mizizi ya kupumulia, khasa ya mchu na mlilana, na mti hukosa pumzi kabla bakteria hawajafika mbali.

Kaa wa mikokoni, mnyonge machoni petu, mimi namhesabu kuwa mtumishi mkubwa, kwani shimo lake huteremsha hewa kilindini. Ila shimo lilo hilo huyateremsha na mafuta.

Kwa hiyo, enyi watu wa pwani, yakionekana mafuta baharini yazuiwe kwa maboya na kuchotwa yangali yakielea; na yakishaingia mikokoni, msikimbilie kuingia kwa majembe na mabuti, kwani kila unyayo huyashindilia chini, mahali pasipo hewa.